Sanduku la Muvi: Batman mmoja, sura sita

Toleo lililopita niliweka vimistari vitatu tu kuhusu Batman: Gotham Knight, ile katuni ya mwaka 2008 ambayo Wamarekani waliandika hadithi halafu Wajapani wakachora, nikasema ambaye hajaiona aitafute. Barua na meseji zimekuja nyingi mpaka nimeshangaa. Kuna waliopenda wakairudia mara tatu, kuna waliokasirika kabisa, kuna mmoja kaniandikia saa nane usiku anataka nimrudishie bando lake. Basi leo safu yote tunaipa muvi hii moja. Kwa ambaye hajaiona, ni dakika 75 hivi, ndani kuna hadithi fupi 6, kila moja kama dakika 12, mji ni ule ule Gotham na steringi ni yule yule Batman ila wachoraji wanabadilika. Barua nimezifupisha kidogo na majina nimeyatoa.

Kaka mhariri, mbona Batman mwenyewe hafanani? Hadithi ya kwanza yuko hivi, ya pili yuko vile, ya tatu kawa kijana mdogo, ya nne pua ndefu, ya sita kawa mtu wa miraba minne. Nilidhani file langu limechanganywa na muvi nyingine. Kwa nini wasichague sura moja wakamaliza nayo? — Mwanafunzi, Tanga

Mdogo wangu, swali lako ndo limekuja mara nyingi kuliko yote kwa hiyo nitalijibu taratibu. File lako ni zima. Sura zinabadilika kwa sababu hakuna studio moja iliyochora muvi nzima, waligawana studio nne za Japani: Studio 4°C wakachukua ya kwanza na ya tano, Production I.G ya pili, Bee Train ya tatu, Madhouse wakachukua ya nne na ya sita. Na kila hadithi ina mwongozaji wake, hata pale studio inapojirudia mwongozaji sio yule yule, ndo maana ya kwanza na ya tano zimetoka nyumba moja lakini ukiziweka pamoja utasema hazijuani.

Ila hiyo ni sababu ya upande wa kazi tu. Sababu yenyewe wameiweka wazi ndani ya hadithi ya kwanza na naona wengi mmeipita haraka mkisubiri ngumi zianze. Irudie. Kuna watoto marafiki, wanakutana pale wanapochezea skeitibodi, watatu kati yao siku hiyo wamemwona Batman akipigana na jambazi lenye mavazi meusi na kila mmoja anasimulia alichokiona kwa macho yake. Mmoja anasema ni kivuli, kitu kinachoyeyuka na kupita popote. Mwingine anasema ni mnyama, popo mkubwa mwenye mabawa. Mwingine anasema sio mtu wala mnyama, ni roboti. Na kila anaposimulia sisi tunaonyeshwa Batman wake huyo huyo anayemsema, na hakuna hata mmoja anayedanganya. Wa nne yeye kachelewa, hajaona kitu, kakaa tu anasikiliza na wivu unaonekana usoni. Halafu ghafla jambazi linatokea pale pale walipo na nyuma yake anakuja Batman, na kumbe ni binadamu, kachoka, kaumia, anavuja damu, na anayelimaliza lile jambazi ni huyo huyo mtoto aliyechelewa, kwa kulipiga na skeitibodi yake.

Wazo lenyewe sio jipya, kwenye vitabu vya Batman lilishatumika mwaka 1973, watoto wanasimuliana kila mtu na Batman wake, likarudi tena kwenye katuni ya televisheni mwaka 1998. Lakini hapa limewekwa mlangoni kwa makusudi. Ukishaangalia ile ya kwanza, zile tano zinazofuata zichukulie kama wasimulizi wengine watano wamekuja kukaa na wale watoto, na kila mmoja ana haki ya Batman wake. Mimi nilipoliona hilo muvi nzima ilikaa sawa, mara ya kwanza na mimi nilikuwa nalalamika kama wewe.

Mzee wa muvi habari. Mimi nimeiangalia banda umiza, DJ aliyetafsiri akasema hawa Batman wako ndugu sita, baba mmoja, wamegawana mitaa ya kulinda. Nikaelewa vizuri sana na niliipenda. Sasa rafiki yangu ananibishia anasema ni mtu mmoja. Nani mkweli? — Fundi pikipiki, Mbagala

Rafiki yako ndo mkweli, ni mtu mmoja, Bruce Wayne, tajiri ambaye wazazi wake waliuawa mbele yake akiwa mtoto. Ila DJ wako simlaumu hata kidogo. Mimi nimekulia kwenye mabanda hayo, benchi la mbao, pazia jeusi mlangoni, jasho, na nusu ya muvi ninazozipenda nilizipenda kwa mdomo wa DJ kabla sijajua Kiingereza hata cha kuombea maji. Kaona sura sita, anatakiwa aeleze hapo hapo muvi ikiwa inakwenda, haina kusimama, akatafuta maelezo yanayokaa kichwani mwa watu. Na ukifikiria vizuri, na yeye ni msimulizi mwingine kafanya kile kile walichofanya wale watoto wa skeitibodi, kaongeza Batman wake.

Kitu kimoja tu umekikosa nacho ni sauti. DJ akiongea juu yake huwezi kusikia kwamba hadithi zote sita, pamoja na sura kubadilika, Batman anaongea kwa koo moja. Tafuta siku uiangalie na sauti yake, hata kama maneno yanakupita, sikiliza tu huyo mtu anavyoongea.

Huyo anayetoa sauti ya Batman ni nani? Nimeisikia nikajua kabisa nimeshaisikia utotoni. — Dada wa saluni, Dodoma

Dada yangu umeisikia kweli. Anaitwa Kevin Conroy, alianza kuwa sauti ya Batman kwenye katuni ya televisheni ya mwaka 1992, na kwenye katuni na magemu akaendelea kuwa Batman kwa miaka karibu 30. Alichokifanya yeye ni kuzitenganisha sauti mbili, akiwa Bruce Wayne anaongea mwepesi kama mtoto wa kitajiri asiye na shida, akivaa kofia sauti inashuka chini, inakuwa nzito, haina haraka. Waigizaji wengi waliokuja baada yake wamefuata njia hiyo.

Amefariki tarehe 10 Novemba 2022, akiwa na miaka 66. Niliposikia nilikaa kimya muda mrefu, maana sauti hiyo ilikuwa ndani ya nyumba yetu jioni nyingi sana. Kuna kitu aliwahi kukisimulia mwenyewe, baada ya yale mashambulizi ya New York mwaka 2001 alijitolea kupika chakula cha waokoaji, na mmoja alipomtambua wakamwomba awatolee sauti ya Batman palepale jikoni na akawatolea, na watu waliokuwa wamechoka na kifusi wakacheka. Hicho ndo kilichofanya nimpende zaidi.

Kwa hiyo wale mlioandika kwamba muvi hii haina kitu kinachoiunganisha, cha kwanza ni hiki. Waongozaji sita, koo moja.

Samahani baba, mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka 7 na 12. Wameona picha yake kwenye simu ya mjomba wao wanataka niwawekee. Ni katuni si ndiyo? Nawawekea tu? — Mama, Morogoro

Mama, asante sana kwa kuuliza kabla, wengi wanauliza baada. Wa miaka 7 hapana. Kwetu neno katuni limekaa kama ni kitu cha watoto na hapo ndipo tunapokosea, kwa sababu Japani kuna katuni za watoto na kuna za watu wazima kama ilivyo kwa muvi za kawaida, na hii hata Marekani waliiwekea alama ya PG-13, maana yake wazazi waangalie sana kwa walio chini ya miaka 13. Damu ipo na inaonekana. Kuna mtu anapigwa risasi. Kuna kile kipande cha wazazi wa Bruce kuuawa kichochoroni mtoto akiwa amesimama pale pale, na kimechorwa bila kuficha. Kuna mtu wa mtaroni mwenye ngozi ya mamba.

Mimi niliwahi kuiweka mpwa wangu akiwa sebuleni, alikuwa na miaka 8, nikidhani amelala kwenye kochi. Kumbe macho wazi. Ilipofika hadithi ya nne, ile ya mitaro, alinishika mkono akaubana bila kusema kitu, nikazima, lakini wiki nzima hakutaka kwenda chooni usiku peke yake na mama yake alinisema ipasavyo. Kwa hiyo huyo wa miaka 7 mtafutie kingine. Wa miaka 12 angalia naye, mkae wote wawili, na hadithi ya kwanza ya wale watoto ataipenda, ukiona anakunja miguu kochini ujue imetosha.

Mhariri niaje. Nilisomaga kwamba hii ndio inaziba pengo kati ya ile Batman Begins ya 2005 na The Dark Knight ya 2008, so nikaitafuta nikitarajia stori iendelee. Sikuona pengo limezibwa hata kidogo. Nimekosea wapi? — Nairobi, Umoja

Hujakosea buda, ni matangazo yalivyoiuza. Ilitoka tarehe 8 Julai 2008, siku 10 kabla ya The Dark Knight kuingia kwenye majumba ya sinema Marekani, wakasema inakaa katikati ya hizo mbili. Na viunganishi vipo ukivitafuta. David Goyer aliyeshiriki kuandika ile ya 2005 ndiye aliyeandika hadithi ya nne. Scarecrow, yule adui wa gesi ya kutia watu hofu, bado yuko huru mtaroni. Kile kisiwa cha Narrows kimeshakuwa cha wendawazimu tupu na hadithi ya pili inapita huko huko. Maroni, yule bosi wa genge, tayari anagombana na Warusi. Hata afande Ramirez wa hadithi ya pili jina lake utalikuta tena kwenye The Dark Knight.

Lakini hivyo ni vionjo tu, hakuna swali lolote la The Dark Knight ambalo utakwama ukiwa hujaona hii, na ukiiangalia ukisubiri iendeleze stori utaumia bure. Wengi walioniandikia kwa hasira, hasira yao inaanzia hapa, waliahidiwa sehemu ya moja na nusu wakapewa kitu kingine kabisa. Sahau pengo, iangalie peke yake.

Assalaam alaykum. Kaka, hadithi ya tatu imenikera. Bruce Wayne wamemchora kizuri cha sura kama bwana harusi wa miaka kumi na tisa, nywele zinapepea, kidevu kimechongoka. Huyu ndiye anayetisha majambazi? — Pemba

Waalaykum salaam. Malalamiko yako ni ya watu wengi, nadhani hiyo ndo sura iliyosemwa vibaya kuliko zote sita, na mimi sitakubishia sana, kwa mwili ule na uso ule hata mimi nilipata shida kuamini. Wajapani wana desturi hiyo ya kumchora mwanamme kijana mzuri sana, mwembamba, macho marefu, kwa mashabiki wa anime, yaani katuni za Kijapani, ni kitu cha kawaida, ila kwa Batman wengi tumemzoea kifua kama kabati.

Ila naomba uifumbie macho ile sura ufuate kisa, kwa sababu kwangu mimi ni kati ya visa viwili bora humo ndani. Lucius Fox, yule mzee fundi wake, anamtengenezea kifaa kinachotumia sumaku ya umeme kupindisha risasi, yaani ukikivaa mtu akikufyatulia, risasi inakukwepa yenyewe. Ni ndoto ya kila mtu anayepigana. Bruce anakivaa, anaenda kuyakabili magenge mawili kwa pamoja, risasi zinamwagika, hata moja haimgusi, na unaona kabisa anaanza kujiona kama hawezi kufa. Halafu risasi moja inapinda, inamkwepa yeye, inaenda kumpata kijana mmoja wa genge. Hapo ugomvi wote unaisha kwake, anambeba yule jambazi, adui yake, anamkimbiza hospitali. Kisha anakirudisha kile kifaa kwa Fox. Anasema yuko tayari kuyaweka maisha hatarini kwa kazi hii, lakini yawe ya kwake, sio ya mtu mwingine.

Sasa rudi kwenye ile sura ya kijana wa miaka kumi na tisa. Mimi mara ya tatu nikaona labda mchoraji hajakosea, maana kosa analolifanya mle ni kosa la kijana, la mtu aliyepewa kitu kipya akadhani kimemaliza matatizo. Sikulazimishi, ila jaribu kuiangalia hivyo.

Mimi naona ni wizi tu. Kila hadithi inaanza kunoga inakatwa. Yule mtu mamba katokea dakika moja kapotea. Bora wangefanya hadithi moja ndefu ikaeleweka. — Mwanza

Kwenye mtu mamba nakubaliana na wewe kabisa. Hadithi ya nne ni nzuri kwa macho, giza lile la mitaro, mishumaa, kadinali aliyetekwa, nyuso zilizovutwa ndefu kama zinayeyuka, lakini wameingiza watu wengi mno kwenye dakika 12. Killer Croc anakuja, anang'ata, anaondoka, Scarecrow anakuja, gesi inalipuka, imeisha. Ukiniuliza kadinali alitekwa kwa nini itabidi nifikirie kwanza. Hiyo ndo dhaifu kuliko zote kwangu, ikifuatiwa na ya pili ambayo moto wake umechorwa vizuri sana ila wale maaskari wawili wanaongea mno ndani ya gari.

Kusema zote zimekatwa, hapo hapana. Hadithi fupi sio hadithi ndefu iliyokatwa mkia. Chukua ya tano, mwandishi wake ni Brian Azzarello, na naomba nikae nayo kidogo kwa sababu hakuna barua hata moja iliyoitaja na imeniuma.

Batman kapigwa risasi tumboni, yuko peke yake chini mtaroni, anatafuta njia ya kutoka, na maumivu yanamrudisha nyuma alipokuwa kijana anazunguka dunia kutafuta wa kumfundisha. Alifika India kujifunza namna ya kuyatawala maumivu, wale wazee wakamkatalia, akapokelewa na mwanamke anaitwa Cassandra ambaye jamii yake ilimtenga kwa sababu alijifanya mvulana ili afundishwe. Anamfundisha kweli, na Bruce anaelewa haraka, anaweza kupita kwenye maumivu ya mwili bila uso kutikisika. Ila yule mama anaona kitu. Anaona kwamba maumivu aliyokuja nayo huyu kijana sio ya mwili na hataki kuyaacha, anamwambia aondoke.

Halafu turudi mtaroni. Anajiburuta, damu inatoka, anaanguka kwenye shimo limejaa takataka na maji, na mkono wake unagusa kitu kwenye uchafu. Bastola. Anaiokota. Chini yake kuna nyingine, na nyingine, mtu katupa huko, wengi wametupa huko, anazichimbua moja moja anazikumbatia kifuani, na mwili unatetemeka. Alfred, mtumishi wake wa nyumbani, anafika juu na gari, anainama, ananyoosha mkono, anamwambia nipe mkono wako. Na Batman anamwangalia anasema siwezi. Mikono yote miwili imejaa bunduki.

Inaishia hapo. Mimi nilibaki naangalia skrini nyeusi. Sekunde kumi hivi za mchoro, hakuna muziki mkubwa, hakuna maelezo, mtu aliyefundishwa kuyashinda maumivu yote anashindwa kuachia kile kinachomzuia kuokolewa. Wangeifanya ya masaa mawili wangetuelezea, na wangeiharibu. Ndugu yangu wa Mwanza, ukiwa na bando lililobaki rudia hiyo peke yake, usiku, bila watu.

Mimi ni mchoraji naanza, nachora kwenye daftari na simu. Nikiangalia hii muvi nijifunze nini? Na hawa Wajapani walimjulia wapi Batman? — Kijana, Mbeya

Nimefurahi kukupata. La pili kwanza, ni fupi. Batman alizaliwa Marekani mwaka 1939, na Japani alishachorwa kama manga, yaani katuni za vitabu za Kijapani, tangu mwaka 1966 na Jiro Kuwata, tena ile katuni ya 1992 niliyoitaja juu baadhi ya epizodi zake zilichorwa na studio za Japani kwa niaba ya Wamarekani. Kwa hiyo walikuwa jikoni siku nyingi, kwenye hii ndo wakaruhusiwa kupika kwa viungo vyao.

La kwanza sasa. Chukua hadithi ya kwanza, simamisha picha mahali popote, mimi nilisimamisha pale mtoto amekaa anasikiliza wenzake. Angalia mistari. Hakuna mstari ulionyooka, ukuta umepinda, ngazi imepinda, pua ya mtoto pana, mdomo mkubwa, meno, nguo zimemlegea, na ukutani kuna uchafu wa kila rangi. Shojiro Nishimi aliyeiongoza hakuchora watoto warembo, kachora watoto unaowajua. Kisha simamisha ya sita, aliyoiongoza Jong-Sik Nam, utaona kila kitu kimebadilika, mistari mikali, vivuli vyeusi tii, mabega kama ya sanamu, taa za mji zinang'aa nyuma. Mji ule ule. Wa kwanza kauangalia kwa urefu wa mtoto, wa pili kauangalia kupitia darubini ya muuaji.

Ushauri wangu, usiige mchoro wa hata mmoja wao. Chukua mtu mmoja wa mtaani kwako, konda wa daladala, muuza mahindi, mchore mara sita, kila mara kama anavyoonekana na mtu mwingine: mtoto wake, askari wa barabarani, mteja aliyedhulumiwa chenji. Ukimaliza nitumie, nitaziweka hapa.

Shikamoo siwezi kusema maana sijui umri wako. Mimi ni mlinzi wa usiku, nina miaka 61, vijana wa lindo walikuwa wanaangalia hii kwenye simu nikaangalia nao. Swali langu dogo. Huyu bwana ana hela, ana magari, ana mitambo, anapigana na watu wenye bunduki kila siku. Kwa nini asinunue ya kwake akamaliza kazi? Mimi lindoni nina kirungu na tochi kwa sababu hawajanipa kingine, yeye je? — Mlinzi, Dar es Salaam

Shikamoo mzee wangu, umri wangu haufiki wako hata kidogo. Na swali lako sio dogo, ndilo lililonifanya niiangalie muvi hii upya kutoka mwanzo.

Ulipouliza nikaanza kuhesabu. Hadithi ya pili, maaskari wawili wamenasa katikati ya magenge yanayorushiana risasi na Batman anaingia mikono mitupu kuwatoa. Ya tatu, anapewa kitu cha kuzipindisha risasi anakikataa. Ya tano, anajaza mikono bunduki mtaroni asizotaka kuzitumia na hawezi kuzitupa. Ya sita, muuaji wa kukodiwa anaitwa Deadshot, mtu ambaye halengi akakosa, anaua kwa raha akiwa amekaa juu ya lile bembea kubwa la duara, na safari hii windo lake ni Batman. Mzee, wale vijana wako na wasomaji wangu wengi wamesema hii muvi haina uzi. Uzi ni risasi. Sikuuona mpaka barua yako.

Na jibu liko kwenye hiyo ya sita. Inaanza na kichochoro, baba na mama wanapigwa risasi, mtoto amesimama. Baadaye tunamkuta mkubwa, nyumbani, silaha iko mkononi anaongea na Alfred, na hamdanganyi, anakiri kwamba kuna nyakati anakaribia kuelewa kwa nini watu wanavutwa na kile kitu. Kwa hiyo sio kwamba hajui kuitumia, wala sio kwamba haitamani. Wewe kirungu umepewa, yeye kakichagua, na anakichagua upya kila usiku na ile nyingine iko pale pale mezani.

Kisha anakwenda kupambana na Deadshot juu ya treni inayokimbia, risasi zinamfuata ndani ya handaki, anamfikia, anampiga kwa mikono yake. Akirudi ndo anamwambia Alfred kwamba kumbe maisha yake yote amekuwa akijaribu kuzizuia zile risasi mbili. Mbili tu mzee, za kichochoroni. Nyingine zote anazozikabili kila usiku ni hizo hizo. Wakiwa bado wanaongea inawaka ile taa ya popo angani, na anakwenda zamu.